Moshi wa Jumamosi

Jumapili, 30 Desemba 2007

Kanisani leo watu wachache. Mhubiri alimaliza haraka, redio mfukoni. Tuliisikia ikikoroma wakati wa sala. Jioni matokeo ya kura yakatangazwa. Hazikupita dakika kumi, mabati ya sokoni yakaanza kupigwa mawe.

Naandika katika daftari la Elmina, mke wangu. Kurasa za mbele ni zake: siku za kuchuma chai, siku ng'ombe alipopandwa, siku mbolea ilipoletwa. Alipofika ukurasa wa kumi na nne akaugua. Tarehe kumi na sita mwezi uliopita tulimzika, hapo kando ya mstari wa kwanza wa chai. Nimeruka ukurasa mmoja ndipo nikaanza. Sikutaka kuandika karibu naye sana.

Mama yake, Bochaberi, bado yuko hapa. Alikuja tarehe ishirini kuangalia kaburi lisibonyee kwa mvua, na kuketi na binti yake kidogo — ndivyo alivyosema. Kwao ni ng'ambo ya mto, Ukisii. Huku ni kwetu, Wakipsigis. Kwa mguu ni saa moja tu. Anarudi keshokutwa.

Analala jiko la nje. Sebuleni kwangu haingii. Kwao mama na mkwe hawakai chumba kimoja, hawagusani, hawatazamani usoni. Chinsoni, wanaita. Mimi nami jikoni siingii akiwemo. Tunaongea ukuta ukiwa katikati, yeye ndani, mimi nje nimekaa juu ya ndoo. Nimeishi na binti yake miaka ishirini na miwili na sijui macho ya Mama ni ya rangi gani.

Jumanne, 1 Januari 2008

Mwaka mpya! Hakuna aliyesema heri.

Moshi ng'ambo, mahali patatu. Si wa jikoni. Mweusi, mnene, unapanda wima. Barabara ya Sotik imewekwa mawe na magogo. Lori la majani ya chai halikuja. Majani ya jana yamelala kituoni yamekuwa mekundu, yananuka kama tumbaku.

Onyiego, shemeji yangu, kaka yake Elmina, alipiga simu saa nne. Alisema Mama asitoke, kisha kredi ikamwishia. Nikampigia mimi. Akaniambia nyumba za watu wetu zilizo upande wao zimechomwa. Za watu wao zilizo upande wetu, pia. Na mtoni kila upande una vijana wake wanaolinda. Akauliza nani anajua Mama yuko kwangu. Nikasema majirani wote walimwona akija. Akasema: "Basi ungefanya wote wamwone akienda."

Neno hilo limenikaa. Waone nini, na njia imefungwa?

Alhamisi, 3 Januari

Mkutano kituo cha majani. Kipruto, yule tanboi, msaidizi wa dereva wa lori la majani, alisimama juu ya mizani ili aonekane. Nyumba ya kaka yake ilikuwa ng'ambo. Ilichomwa siku ya kwanza, na ng'ombe wanne wakaenda. Sauti yake imekauka kama ya jogoo mgonjwa. Alisema watu wa ng'ambo walio huku waondoke, na anayewaficha ni mmoja wao. Wengine walishangilia. Wengine walitazama chini. Mimi nilitazama chini.

Kisha mbele ya watu wote: "Mzee Isaiah, mama mkwe wako yuko wapi?"

"Alienda."

"Lini?"

"Jumatatu. Alfajiri, kabla ya mawe ya barabarani."

Uongo wangu wa kwanza wa mwaka. Ulitoka wenyewe, kama kikohozi.

Jirani yangu Kiptanui alikuwa nyuma yangu. Boma lake na langu ni ua tu katikati. Jumatatu jioni alimwona Mama akianua wimbi lililoanikwa — hata alimsalimu! Nilisikia pumzi yake shingoni kwangu. Hakusema neno.

Kwa nini hakusema?

Jumamosi, 5 Januari

Leo nimeona kosa langu.

Mama ni Msabato. Elmina pia alikuwa Msabato, mimi ni wa Jumapili. Elmina alikuwa akicheka, nyumba hii ina Sabato mbili na ng'ombe hana hata moja. Tangu jua la Ijumaa kuzama hadi la Jumamosi kuzama, hawashi moto. Chakula cha Jumamosi kilipikwa Ijumaa na kufunikwa jani la mgomba. Miaka yote ishirini na miwili ya Elmina jiko langu halikutoa moshi Jumamosi, na kila kilima kinajua.

Asubuhi nilikuwa nakata nyasi, nikainua kichwa. Moshi kwa Kiptanui. Moshi kule juu kwa mwalimu. Kwangu, hakuna. Na jana ulifuka siku nzima! Mwanamume aliyebaki peke yake, wa Jumapili, anapika kutwa Ijumaa halafu Jumamosi ananyamaza?

Nikaenda kwenye ndoo yangu. Nikamwomba Mama awashe kidogo tu, hata majani mabichi yatoe moshi. Alijibu polepole: "Baba Chemutai, huu moto wa watu utapita. Mungu nitakutana naye."

Chemutai ni binti yetu, ameolewa Kapsoit. Sijamwambia lolote. Simu zinasikilizwa na walio karibu.

Saa sita Kiptanui alipita. Hakuingia. Alisimama kwenye ua, akainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, huku anatazama paa la jiko. Alikuwa amevaa gambuti za mpira! Gambuti ina kamba?

Jumatatu, 7 Januari

Vijana wamepita wakitangaza: kila boma la kwetu lifunge tawi la senetwet langoni, lile lenye maua ya njano. Lisilo na tawi litajulikana ni la nani.

Kabla sijatafuta panga, Kiptanui amefika na tawi. Akalifunga mwenyewe kwa kamba ya katani, mafundo matatu. "Lango lako lilikuwa uchi," akasema. Nilishukuru. Akapangusa mikono, akatazama nyuma ya nyumba.

"Kuku wako siku hizi wanalala jikoni?"

"Ndiyo."

"Nimesikia wakikohoa."

Akaenda zake anapiga mluzi. Kuku hawakohoi namna ile, na yeye amefuga kuku maisha yake yote.

Jumanne, 8 Januari

Tawi halipo!

Halikung'olewa na upepo. Kamba imeviringwa vizuri na kuwekwa juu ya nguzo. Mtu aliketi na mafundo matatu akayafungua moja moja. Mtu mtulivu. Kiptanui ni mtulivu. Aliyefunga ndiye anayejua kufungua.

Nimefunga jingine. Nimekumbuka kitu ambacho sikutaka kukumbuka. Elmina akiwa amelazwa, Kiptanui alikuja kumwona, ameleta ndizi. Nilipomsindikiza hadi mlangoni akaniuliza kama nitaliweza peke yangu lile shamba la chini, la mtoni. Wakati ule niliona ni huruma. Lakini nyumba yangu ikichomwa, shamba la mtoni litachumwa na nani?

Alhamisi, 10 Januari

Jana tawi halikuwepo. Leo tena halipo. Kamba juu ya nguzo, imeviringwa.

Jana mchana walichoma kwa Omariba, fundi nguo, Mkisii. Yeye alikimbia tangu tarehe mbili. Nguo za shule za watoto wote wa kilima hiki alizishona yeye. Cherehani waliibeba hadi kwenye mtaro wakaiacha, maana hakuna anayejua kuitumia. Nimeiona nikipita. Bado ilikuwa na uzi wa kijani.

Kwa Omariba hakukuwa na tawi. Anayetoa langu anawachagulia nyumba inayofuata.

Nimekaa mchana nyuma ya pazia namtazama Kiptanui. Amekamua. Amepeleka ng'ombe majini. Amekaa kwenye kigogo na kunoa panga la kukatia chai, na msimu wa kukata chai bado. Nimeandika yote haya kama askari. Elmina angeniona angeniuliza kama nimekosa kazi.

Jioni Chepkurui, mke wa Kiptanui, ameleta maziwa. Tangu msiba huniletea chupa ndogo, ya mtu mmoja. Leo ameleta mkebe mzima wa mafuta ya kupikia, ule wa Kasuku, umejaa maziwa mpaka juu.

"Mbona mengi?"

"Muulize ng'ombe," akacheka, akaenda.

Ni maziwa ya watu wawili. Nilimpa paka kwanza. Nikakaa namwangalia paka. Alilamba, akajilamba, akalala kwenye jua. Niliona haya sana. Mama nimempa yaliyobaki, nimeyaweka mlangoni na kugonga mara mbili.

Ijumaa, 11 Januari

Leo nimemweleza Mama habari ya tawi. Limetolewa mara ya nne sasa. Nikamwambia kuna mtu anatuuza.

Nikasikia ndani akipuliza moto. Halafu: "Ni mimi."

Nikadhani sikusikia.

"Yalikuwa yananyauka, Baba Chemutai. Elmina hakupenda kitu kikavu langoni. Kamba nilikuwekea, hukuiona?"

Ni kweli Elmina hakupenda. Hata maua ya harusi ya Chemutai aliyatoa langoni jioni ileile, kabla wageni hawajaisha.

Lakini asubuhi nne! Asubuhi nne, kukipambazuka, mama wa Kikisii amevaa sweta jekundu anatembea mpaka langoni kwangu, penye njia ya watu wote, anakaa anafungua mafundo! Na saa hiyo Kiptanui anakamua, na zizi lake linatazama lango langu.

Basi nilimshuku bure. Hakuiba tawi. Lakini amemwona Mama mara nne, na amenyamaza mara nne, na hilo linanitisha kuliko tawi.

Nimemwomba Mama asitoke tena. Amesema sawa. Amesema pia nimekonda, sauti yangu inasikika imekonda.

Jumamosi, 12 Januari

Leo niliamua moshi uwepo.

Jikoni siwezi kuingia, yumo. Kumtoa siwezi. Basi nikaweka mafiga matatu nje, nimeyabananisha na ukuta wa jiko ili moshi upande karibu na paa lake, uonekane kwa mbali kama umetoka ndani. Nikainjika sufuria. Moshi ulipanda vizuri! Nilijiona mjanja.

Hazikupita dakika tano, Chepkurui kwenye ua:

"Wee mgane! Jiko lako mwenyewe limekufukuza?"

Alicheka mpaka akashika ua. Nikasema ndani kunavuja. "Kunavuja na hakuna mvua!" Akamwita mumewe aje aone.

Kiptanui akaja na hindi lake mkononi. Akachuchumaa, akaliweka kwenye makaa yangu, akaligeuza polepole. Akala mstari mmoja mzima. Nyuma ya ukuta Mama alikuwa anaimba wimbo wa Sabato, kwa sauti ndogo ya mtu anayedhani haimbi. Nilikoroga sufuria kwa kelele.

Kiptanui akafuta mdomo. Akasema, bila kunitazama: "Elmina amelala pale. Lakini Jumamosi yake bado imo jikoni kwako."

Akainuka, akaenda.

Nimeligeuza neno hilo mchana kutwa. Mtu anayetisha na mtu anayeonya sauti yao ni moja. Angetaka kusaidia si angesema wazi? Au angetaka kuuza si angeshauza?

Jumatatu, 14 Januari

Kipruto amekuja na vijana watano. Hakuwa na ufidhuli. Aliniita boiyot, mzee, akavua kofia. Waliomba mahindi ya walinzi, nikawapa debe moja. Walikaa chini ya ukingo wa nyumba wanakunywa maji. Macho yake mekundu, hajalala siku nyingi. Kaka yake na watoto wanalala kanisani Sigor.

Alitazama kaburi. Akasema Elmina alikuwa akimpa viazi vitamu akitoka shule, vya moto, akivibeba ndani ya kofia. "Angekuwa hai ningempeleka mwenyewe mpaka mtoni avuke." Akaigeuza kofia mkononi. "Au sijui."

Nashukuru alisema "au sijui". Angesema la kwanza tu nisingemwamini.

Halafu akatangaza: Alhamisi wanapita kila boma, mlango kwa mlango, hata stoo, hata jikoni. "Si wewe, boiyot. Ni wote." Mmoja wao, kijana mwenye kaptura, alikuwa ameegemea mlango wa jiko. Ameegemea! Nilingoja kile kikohozi cha Mama. Nilihesabu vifungo vya shati langu. Hakikuja. Walipoondoka Mama aliniambia aliuma leso.

Siku tatu.

Jumanne, 15 Januari

Asubuhi Kiptanui amekuja mpaka sebuleni. Amefunga mlango mwenyewe. Nikaweka mkono juu ya meza karibu na kisu cha mkate — nimeona haya kuandika hivi, lakini niliweka.

"Majani yako yamezeeka," akasema. "Kesho lori linakuja, polisi wakiwa mbele. Kila mtu atachuma. Nitaleta wachumaji sita, tuanze juu kaburini, tushuke mstari kwa mstari mpaka mtoni."

Nikasema sina watu wa kulipa.

"Wachumaji sita," akasema tena, "na wa saba atavaa aproni ya Chepkurui na kitambaa chake. Mzee kidogo. Hasikii vizuri, kwa hiyo hajibu watu."

Nilimtazama. Yeye alitazama picha ya harusi yetu ukutani.

"Tangu lini unajua?"

"Bwana, mimi nina macho. Wewe ndiye ulifikiri ua ni ukuta."

Nikamuuliza kwa nini asubuhi hizo zote alinyamaza. Akasema, na angesema nini, na kwa nani? Kisha mlangoni akageuka: "Lile shamba la chini, mambo yakitulia tutaongea." Akaenda.

Kwa nini aliongeza hilo? Lilikuwa zuri lote, halafu akaongeza hilo! Kama ni msaada, ni msaada wenye bei. Kama ni mtego, ndivyo mtego unavyotegwa, kwa chambo mtu anachokihitaji. Nimezunguka nyumba mara ngapi sijui.

Nilimpigia Onyiego. Hakufurahi. "Umemwambia nani?" Nikasema sikusema, alijua. "Wanajuaje watu huko kwako, shemeji, kama husemi?" Ilinichoma. Miaka ishirini na miwili, na kwa wiki mbili tu mimi ni mtu wa kuulizwa hivyo! Lakini hata mimi nimemuuliza kama ana uhakika na vijana wa upande wake. Tumekuwa sawa. Alisema atakuwa ng'ambo, kwenye gogo la kuvukia, saa tano hadi saa saba. Mama aje peke yake. Mtu wa kwetu akionekana naye, hata mimi, yeye hawezi kuwazuia wenzake.

Nikaenda kwenye ndoo. Nikamwambia Mama yote, na shaka zangu zote, pamoja na hilo la shamba. Nikamwambia achague yeye. Kukaa, Alhamisi mlango utafunguliwa. Kwenda, ni mkononi mwa Kiptanui.

Alifikiri muda wa chai kuchemka. Niliisikia ikichemka.

"Kuchuma najua," akasema. "Nimechuma miaka thelathini. Afadhali niende nikichuma kuliko nikikimbia. Anayekimbia anaulizwa anakwenda wapi. Anayechuma haulizwi."

Halafu akaniuliza kama aproni ya Chepkurui ni ndefu. Yeye ni mfupi, asije akajikwaa.

Jumatano, 16 Januari

Saa nne na robo. Naandika nikiwa shambani, nimekaa juu ya gunia mstari wa sita. Ni Kiptanui alisema nikae hapa na daftari. Mwenye shamba akishika kalamu watu wanajua anaandika kilo za wachumaji.

Kila kilima kina watu leo. Ungedhani ni mwaka wa kawaida. Saa moja na nusu Chepkurui aliingia jikoni na mzigo wa nguo, nikasikia wakicheka ndani, wote wawili! Walipotoka nikageuka, kama desturi. Nimeona mgongo tu. Aproni ya plastiki ya njano, imekunjwa kiunoni isimkwaze. Kitambaa cha bluu kimefungwa mpaka kwenye nyusi. Kikapu. Kaburini hakusimama. Alipita, akachuma majani mawili na chipukizi kwenye kichaka kilicho karibu na kichwa cha Elmina, akatupa kikapuni. Ndiyo yalikuwa ya kwanza.

Hao sita wengine ni watu wa kwa Kiptanui, mashemeji na binamu. Hakuna anayemuuliza wa saba kitu. Wanajua? Hawajui? Wanawake wanaimba.

Saa nne na nusu. Shida: anachuma vizuri mno! Mikono miwili, hasimami, uso wa chai nyuma yake umelingana kama meza. Amewatangulia mistari miwili. Chepkurui anamfokea kwa mzaha, kwa lugha yetu, akimwita bibi: "Kogo, pole pole, unatuaibisha!" Hajibu, ni kiziwi. Lakini amepunguza. Nimecheka peke yangu, mara ya kwanza tangu Novemba.

Saa tano kasoro robo. Wamefika mstari wa kumi na saba. Mto unasikika.

Kipruto yuko chini!

Na wengine wanne, wamekaa pale njia inapogawanyika. Jana hawakuwa hapo. Juzi hawakuwa hapo. Siku yao ni kesho. Nani aliwaambia leo?

Kiptanui amewaona. Ameweka fimbo yake juu ya chai, anashuka kwao. Hakunitazama. Haendi kama mtu aliyeshtuka. Anatembea kama mtu aliyeitwa.

Anasema nao. Sisikii. Mmoja amecheka. Kiptanui ameonyesha kwa kidevu, huku juu. Kwangu? Kwake? Kipruto amesimama.

Wanawake wameacha kuimba. Chepkurui pia amenyamaza, na tangu asubuhi hajanyamaza. Mama peke yake ndiye anayechuma. Hajainua kichwa. Niko hatua mia kutoka kwake na nasikia majani yakikatika, au nadhani nasikia.

Nikishuka, watajua. Nisiposhuka, mimi ni mkwe wa namna gani?

Kipruto anapanda kwa Mama. Yuko mbele yake. Anasema kitu. Mama anatikisa kichwa. Kipruto ananyoosha mikono — ameshika kikapu! Amekivua mgongoni kwake polepole, kamba imenaswa na kitambaa, anaitoa. Kitambaa kimesogea. Sasa uso wake wote uko nje, kwenye jua, na Kipruto anautazama.

Amekiweka kikapu mgongoni mwake yeye. Amegeuka, anashuka. Mama anamfuata. Mikono yake mitupu, hajui aiweke wapi, ameshika aproni.

Hapo chini njia ni mbili. Ya kushoto inapanda kituoni. Huko ndiko kikapu kilichojaa hupelekwa. Akienda huko, basi hajui lolote, ni kijana tu anamsaidia bibi mzee — na atamfikisha mbele ya watu mia mbili wanaomjua kwa jina. Ya kulia ni ya mtoni. Huko hakuna mizani. Akienda huko, anajua ni nani aliye nyuma yake, na ni yeye tu anayejua kama anamvusha au anamwua.

Mimi nimesimama, naandika nikiwa nimesimama. Sijui niombe kushoto au kulia.

Mama anashuka taratibu, udongo unateleza. Kipruto amefika penye njia panda. Amesimama. Anamngoja afike.